Daktari akisema una presha, ana maana gani?

Mzee mmoja kutoka pande za Maua aliingia chumbani mwangu asubuhi moja akiwa na binti yake. Hakuja kwa ajili yake mwenyewe. Binti ndiye aliyekuwa na kikohozi, naye mzee alikuwa amemsindikiza tu. Lakini kwa kuwa ni desturi yetu kumpima kila mtu mzima anayevuka mlango ule, muuguzi alimfunga mzee mkanda mkononi. Mashine ikaonyesha 190 kwa 110. Akapumzishwa, akapimwa tena. Ikawa 188 kwa 108.

"Mzee," nikamwambia, "una presha."

Akacheka. "Daktari, hiyo mashine yako ina kasoro. Mimi niwe na presha ya nini? Watoto wamemaliza shule. Ng'ombe anakamuliwa. Deni la mtu sina. Hata mama watoto hatujakosana mwaka huu. Presha itatoka wapi?"

Msomaji mpenzi, nimefanya kazi ya udaktari baina ya Embu na Meru kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na jibu hilo nimelisikia kwa Kiswahili, kwa Kimeru, kwa Kiembu na kwa Kiingereza cha watu waliosoma hadi chuo kikuu. Mzee yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alijibu swali alilolisikia, ila silo nililouliza. Mimi nilikuwa nazungumza juu ya nguvu ya damu mishipani, naye alikuwa akizungumza juu ya mzigo wa moyo. Neno lilikuwa moja.

Wiki hii basi sitaandika juu ya ugonjwa kwanza. Nitaandika juu ya neno, kwa sababu nimeona watu wakilala kitandani nusu ya mwili imekufa kwa kukosa kulielewa.

Neno lenyewe lilitoka wapi?

Presha ni neno la Kiingereza, pressure, ambalo sisi tumelivika nguo za Kiswahili. Waingereza nao walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kutoka Kilatini, ambako premere ni kubana au kukandamiza. Huko Ufaransa ya kale lilitumiwa kwa kazi ya kukamua zabibu, na pia kwa mateso ya binadamu aliyebanwa na dhiki.

Hapa pana jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Neno hili lilipoingia katika Kiingereza, mwishoni mwa karne ya 14, maana yake ya kwanza ilikuwa ile ya moyoni: uchungu, huzuni, mzigo unaoikandamiza nafsi. Maana ya kisayansi, yaani nguvu inayosukuma juu ya eneo fulani, ilikuja karne ya 17, wakati wanasayansi wa Ulaya walipokuwa wakipima uzito wa hewa kwa mabomba ya kioo yaliyojaa zebaki. Muitalia Torricelli ndiye aliyetangulia, katika miaka ya 1640. Kwa hivyo mzee wangu wa Maua, ambaye hajawahi kusoma Kilatini, alikuwa anatumia neno hili katika maana yake kongwe kuliko mimi mwenye shahada.

Sisi nasi tumelipokea na mizigo yake yote. Fundi wa magari huangalia presha ya tairi. Fundi wa mabomba hulalamika kwamba maji hayana presha. Kijana humwambia mpenzi wake, "Usinipe presha." Msomaji wa gazeti hili atakumbuka neno letu sanifu, shinikizo la damu, ambalo ni zuri, limetoka katika kushinikiza, kubana kitu kwa nguvu. Lakini hata hilo halikutuokoa. Ukurasa wa kwanza wa gazeti husema waziri yuko chini ya shinikizo ajiuzulu, na ukurasa wa afya husema waziri huyo huyo ana shinikizo la damu. Msomaji atalaumiwaje akidhani ni kitu kimoja?

Mambo huwa mabaya zaidi daktari anapoamua kutumia neno lake kubwa, hypertension, ambalo wagonjwa wetu hulitamka haipatensheni. Sehemu ya mbele ni ya Kigiriki na maana yake ni kupita kiasi. Sehemu ya nyuma ni ya Kilatini, na ni kule kuvutwa kwa nguvu, kama kamba inavyokazwa. Waliolitunga walikuwa wakifikiria ukuta wa mshipa wa damu uliokazwa kupita kiasi. Lakini kule mitaani, kuwa na tensheni ni kuwa na wasiwasi. Kwa hivyo mgonjwa akisikia haipatensheni anasikia "wasiwasi mwingi kupita kiasi", kisha anarudi nyumbani kuutafuta wasiwasi huo. Asipoupata, anahitimisha kwamba amepona.

Nami sijitoi lawamani. Nilipokuwa daktari kijana nilimwambia mama mmoja, "Presha yako imepanda kidogo, lakini usiwe na wasiwasi." Nilitaka kumtuliza. Nilimwandikia vidonge, akaenda. Aliporudi baada ya miezi mitatu hakuwa amenunua hata kimoja. "Ulisema nisiwe na wasiwasi, daktari," akaniambia, "nami nimefuata." Nilikuwa nimempa dawa mbili, ya vidonge na ya maneno, naye akachagua ile isiyolipiwa.

Bomba halina wasiwasi

Acha nikueleze maana yangu mimi ninaposema presha. Ikiwa umekulia kwenye miteremko ya Mlima Kenya au ya Nyambene, utaelewa haraka kuliko mwanafunzi yeyote wa udaktari.

Unajua miradi yetu ya maji ilivyo. Maji huzuiwa juu kule karibu na msitu, yakaingizwa katika bomba, yakateremka yenyewe hadi mashambani bila mashine. Mwenye shamba la juu hupata maji ya kumwagika polepole. Aliye bondeni hufungua mfereji maji yakaruka na kumlowesha hadi kifuani. Hiyo ndiyo presha: nguvu ambayo maji huisukuma nayo bomba kutoka ndani. Fundi asipoweka tangi la kuipunguza njiani, bomba la chini litapasuka. Na litapasuka lini? Aghalabu usiku, watu wote wakiwa wamefunga mifereji. Asubuhi utakuta shamba limekuwa dimbwi na mahindi yamelala.

Sasa angalia. Bomba lile halikuwa na deni. Halikugombana na jirani. Halikuumwa na kichwa jioni ile kabla ya kupasuka. Lilikuwa na presha, basi.

Mwili wako una mabomba ya namna hiyo, yanayotoka kwenye moyo na kugawanyika hadi yakawa membamba kuliko unywele. Moyo husukuma damu ndani yake mara 60 hadi 100 kwa dakika ukiwa umetulia. Nguvu ya damu hiyo dhidi ya kuta za mishipa ndiyo presha ya damu, na kila aliye hai anayo. Ndiyo maana nimeacha kumwambia mgonjwa "una presha". Nani hana? Siku hizi nasema, "Damu yako inasukuma kwa nguvu kupita kiasi." Ni maneno mengi zaidi, lakini hakuna anayenicheka.

Mtu wa kwanza kuipima nguvu hiyo hakuwa daktari. Alikuwa kasisi Mwingereza, Stephen Hales, ambaye mwaka wa 1733 alichapisha habari za jaribio alilomfanyia farasi. Aliingiza bomba refu la kioo katika mshipa wa mnyama huyo na kuona damu ikipanda zaidi ya futi nane. Bila shaka binadamu hawezi kupimwa hivyo akarudi nyumbani. Ilibidi kungoja hadi 1896, daktari Muitalia Riva-Rocci alipobuni mkanda wa kufungwa mkononi na kujazwa hewa. Mkanda wake wa kwanza ulitengenezwa kwa tyubu ya baiskeli. Mwaka wa 1905 Mrusi Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza mlio wa damu chini ya mkanda hewa inapofunguliwa, na tukapata namba mbili.

Mashine za leo nyingi hazina zebaki, lakini bado tunahesabu kwa milimita za zebaki. Ukisoma 120, maana yake ni kwamba damu yako ingeweza kuinua nguzo ya zebaki milimita 120. Zebaki ni nzito mno, zaidi ya mara 13 ya maji. Kwa hivyo nguvu hiyo hiyo ingerusha damu yako mita moja na nusu hivi juu, mara kwa mara, mchana na usiku. Huo ni mfereji wa bondeni hasa.

Ya kupanda na ya kushuka

Namba ya juu ni nguvu moyo unapopiga. Namba ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Wengi huamini kwamba namba ya juu ni "presha ya kupanda" na ya chini ni "presha ya kushuka", na kwamba mtu anaweza kuwa na moja asiwe na nyingine. La hasha. Zote ni za damu ile ile.

Wanaosema wana presha ya kushuka mara nyingi ni watu waliosimama ghafla wakaona kizunguzungu, au hawakula, au wameharisha wakapoteza maji, au wamemeza dawa zaidi ya walivyoandikiwa. Ipo, na wakati mwingine ni ya hatari. Lakini inayojaza wodi zetu si hiyo.

Hapa Kenya tunahesabu kwamba presha ni ya juu ikiwa namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, zikipimwa vizuri kwa siku tofauti. Wamarekani walishusha mpaka wao mwaka wa 2017 hadi 130 kwa 80. Usigombane na daktari wako juu ya namba hizo. Aliye na 190 hana haja ya mjadala huo.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Ukiwa katika matatu yenye abiria 14, fanya hesabu mwenyewe.

Kabla hujafungwa mkanda

Namba huweza kudanganya, na aghalabu mwenye kosa ni sisi tulio na haraka. Keti kwa dakika tano kwanza. Egemea kiti, nyayo ziguse sakafu, usikunje nne. Mkono uwe wazi, usipimwe juu ya jaketi, na uwekwe mezani usawa wa moyo. Usiongee. Nenda haja ndogo kabla. Sigara, kahawa na chai kali viachwe angalau nusu saa.

Na sasa niseme lile ambalo daktari wa sehemu hizi hana budi kulisema. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere vina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo ni ndugu wa dawa za kulevya za kuamsha mwili. Hiyo ndiyo inayokufanya usilale na uwe na maneno mengi. Hupotea jani linaponyauka, na ndiyo sababu magari yale hukimbizwa kana kwamba yamebeba mgonjwa mahututi. Kathinoni hukaza mishipa na kuuharakisha moyo, na presha hupanda kwa saa kadhaa. Watafiti wa Yemeni, ambako watu hutafuna sana, wamehusisha utafunaji na mshtuko wa moyo.

Najua ninaandika kwa nani. Mwaka wa 2024, Mombasa na kaunti jirani za Pwani zilipotangaza kuupiga marufuku muguka, nilisikia kilio cha Embu kwa masikio yangu, kwa sababu karo ya watoto wengi hutoka kwenye majani hayo. Karo za wengine walio madaktari leo zilitoka humo pia. Sitaingia katika siasa hiyo. Ninachoomba ni kidogo: ikiwa umetafuna leo, mwambie anayekupima. Asipojua, atakuandikia dawa za maisha kwa sababu ya kitita kimoja, au atadhani ni miraa tu huku una ugonjwa halisi chini yake. Na ikiwa tayari unatibiwa presha ya juu, ushauri wangu ni uviache vyote viwili. Huwezi kukazia mfereji kwa mkono mmoja na kuufungua kwa mwingine.

Madaktari nao walidanganywa na neno

Usidhani ni wagonjwa peke yao waliopotezwa na lugha. Watu wengi wenye presha ya juu hawana chanzo kimoja kinachoonekana, na vitabu vya Kiingereza viliiita hali hiyo essential, kwa maana ya kitu kilichozuka chenyewe. Lakini neno hilo hilo katika Kiingereza cha kawaida ni "kitu kisichoweza kukosekana". Hapo wakatokea madaktari walioamini kwamba mtu akizeeka inambidi presha ipande ili damu ipenye katika mishipa iliyokakamaa, na kwamba kuishusha ni kumdhuru.

Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa Machi 1944 akakutwa na 186 kwa 108. Vita vilikuwa vikiendelea, na dawa za maana hazikuwapo. Tarehe 12 Aprili 1945 alishikwa na maumivu makali ya kichwa, akazirai. Presha ilikuwa imepita 300. Alifariki mchana ule ule, mshipa ukiwa umepasuka ubongoni. Vidonge vya kwanza vilivyomezeka bila kumtesa mgonjwa vilifika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka wa 1967 uchunguzi wa Edward Freis kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani ulionyesha wazi kwamba anayeshushwa presha kali huepuka mengi ya majanga hayo. Leo mkulima wa Runyenjes anaweza kununua kwenye kemisti kidonge ambacho rais wa taifa tajiri kuliko yote hakukipata.

Je, wasiwasi hauna hatia yoyote?

Unayo, ila si ile inayodhaniwa. Ukishtuka, ukikasirika au ukimwogopa daktari, presha hupanda kwa muda kisha hushuka. Ndiyo maana hatumtibu mtu kwa kipimo kimoja. Dhiki ya muda mrefu huharibu usingizi, huongeza pombe na sigara, na hayo hupandisha presha kweli. Kwa hivyo anayesema mawazo yalimpandishia presha hasemi uongo wote. Kosa ni kugeuza usemi huo na kudai kwamba asiye na mawazo hawezi kuwa nayo.

Visababishi vikubwa havina kelele: umri, ukoo, uzito, pombe, magonjwa ya figo, na chumvi. Nchi yetu ina historia ya ajabu kuhusu hili la mwisho. Mwaka wa 1929 daktari Mwingereza C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, aliandika kwamba miongoni mwa wagonjwa wake Waafrika hakukuta presha ya juu, na kwamba haikupanda kwa uzee kama huko Ulaya. Miaka sitini baadaye, mwaka wa 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha uchunguzi wa Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya hadi Nairobi. Presha zao zilipanda muda mfupi baada ya kuhamia mjini kuliko za wenzao waliobaki nyumbani. Katika mkojo wao chumvi ilikuwa imeongezeka, na potasiamu, ile madini inayopatikana kwa wingi katika ndizi, maharagwe na viazi vitamu, ilikuwa imepungua.

Damu yao haikubadilika njiani. Sahani ndiyo iliyobadilika, na labda usingizi. Wewe uliyetoka Igoji au Siakago ukapanga chumba Nairobi, fikiria unachokula jioni: chipsi, soseji, mchuzi wa viungo vya pakiti, na kachumbari iliyonyunyiziwa chumvi mbichi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, pamoja na ile iliyofichwa katika mkate na viungo. Githeri na mukimo vya nyumbani vilikuwa dawa, ilimradi mpishi asiwe na mkono mzito. (Mwenye ugonjwa wa figo asikimbilie ndizi kabla ya kuuliza, kwake potasiamu nyingi ni sumu.)

Kesi iliisha, vidonge vikaisha

Mwalimu mmoja mstaafu huku Embu alikuwa mgonjwa wangu wa miaka mingi. Mwenye akili, msomaji wa kurasa hizi hizi. Alikuwa na kesi ya shamba dhidi ya shemeji zake, na kila aliposimulia presha yake aliisimulia pamoja na kesi. Nilimsikiliza kwa huruma, wala sikugundua alichokuwa akinieleza. Kesi ikaamuliwa, akashinda. Akapotea kliniki.

Baada ya miezi minne aliletwa na mwanawe, mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia, na ulimi uliofundisha watoto kusoma kwa miaka thelathini hautoi neno. Mwanawe akafungua mkoba wake na kunionyesha karatasi za vidonge. Kwenye kila nafasi iliyotobolewa alikuwa ameandika tarehe kwa kalamu, kwa mwandiko safi wa mwalimu. Zilikuwa tarehe za kwenda mahakamani.

Alikuwa akimeza dawa ya presha siku za presha.

Aliishi, na leo anatembea kwa mkongojo. Maneno machache yamerudi. Nimejiuliza mara nyingi ni nani hasa aliyekosa kumwelewa mwenziwe katika chumba kile.

Kwa hivyo naomba uyashike haya. Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Kichwa na kisogo vinaweza kuuma kwa mengine mengi, na namba ikawa sawa. Vinaweza kunyamaza kabisa na namba ikawa 200. Inapofanya kazi yake kimya, huudhuru ubongo, huuchosha moyo, huharibu figo na macho. Kidonge hakiponyi kama cha malaria. Kinashusha nguvu kwa siku moja au zaidi kidogo, basi, kisha kinahitaji mwenzake. Namba ikiwa nzuri, ni kwa sababu kidonge kinafanya kazi; usikiachishe kazi kwa kufanya vizuri. Na dawa ikikusumbua, kwa mfano miguu ikivimba, au kikohozi kikavu kisichoisha, au nguvu za kiume zikipungua (hili wanaume hunong'ona wakiwa mlangoni, mkono kwenye kitasa), zipo nyingine za kubadilisha. Usikae nalo moyoni, na usiache dawa kimya kimya.

Mama mjamzito ana kanuni zake. Presha yake ikipanda, hasa baada ya mwezi wa tano, inaweza kuleta kifafa cha mimba na kumuua pamoja na mtoto. Kichwa kikali, kuona vimulimuli, uso kuvimba au maumivu chini ya kifua ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na ni kwa bodaboda.

Na mtu yeyote, awe anajulikana ana presha au la, uso ukipinda ghafla, mkono ukalegea au maneno yakavurugika, usimpe maji wala kidonge cha jirani. Hicho ni kiharusi. Mkimbize hospitali kubwa iliyo karibu, na ukumbuke saa ilipoanza, kwa maana watakuuliza.

Mzee wa Maua alirudi. Sikumwambia tena ana presha. Nilimuuliza juu ya bomba la shamba lake la chini, naye akanieleza kwa dakika kumi jinsi lilivyopasuka mara mbili kabla hajaweka tangi, na gharama yake. Nikamwambia vidonge hivi ni tangi. Akanitazama, akauliza, "Tangi huondolewa lini?" Nikamuuliza yeye aliondoa lake lini. Sasa huja kila mwezi na daftari dogo la watoto wa shule, ambamo binti yake humwandikia namba.

Nawe waweza kufanya vivyo hivyo. Andika tarehe, saa, namba zote mbili, mkono uliopimwa, na kama ulimeza dawa asubuhi hiyo. Na kama ulikuwa umetafuna, andika hilo pia. Hakuna atakayekushtaki.